Kisigino cha Mpima Udongo

Mpima udongo hupiga magoti kwanza. Hadko, mchunga kulungu wa barafuni huko Yamal, kaskazini mwa Urusi, anamtazama kiangazi cha sita sasa: huzungusha bomba la chuma, huchomoa kipande cha udongo, hukinusa, hupapasa kwa ukucha zile nyuzi nyeupe za kuvu, kama mizizi ya uyoga, zinazobana kaboni isipae hewani, kisha huziba shimo kwa bonge la nyasi na kulikandamiza kwa kisigino. Kwa watu wa huko ardhi haitobolewi ikaachwa wazi. "Tulia hapo," huiambia, kwa sauti yake ya kukwaruza.

"Shangazi, uyoga si tumewaachia kulungu?" Hadko humtania.

"Ndiyo maana wamekuzidi akili."

Leo bwana wa kampuni ya barabara kaja na vigingi vya kuonyesha njia itakapopita. "Mama, hili ni tope tu. Tia sahihi kwamba udongo unafaa, tuanze kuchimba."

Mpima akamtia bonge la udongo mkononi. "Haya, lipasue."

Bwana akavuta. Nyuzi zikavutika, bonge likagoma.

"Joto limeshayeyusha barafu ya chini. Kinachoshikilia ardhi ni nyuzi hizo. Sahihi yangu huipati, hata ulale hapa!"

Bwana akapigilia kigingi hivyo hivyo. Yule mama akaking'oa, akajaza shimo, akashusha kisigino. "Tulia hapo."

Hadko akatazama vigingi vilivyopigiliwa tangu asubuhi, akapandisha mikono ya koti, akakifuata cha kwanza.