Mama Aliomba Msiba Wake Mapema

Kijijini kwetu Izimbya hakuna kitu kilichopangwa vizuri kama kifo. Barabara imetushinda, maji yametushinda, zahanati ina siku zake za kuwa na dawa. Lakini mtu akikata roho alfajiri, kabla ya mchana turubai limeshasimama, masufuria makubwa yako juu ya mafiga, na wanawake wamekaa duara wakimenya ndizi. Hiyo ni kazi ya chama cha kuzikana. Kila nyumba inachangia, na asiyechangia huachiwa msiba wake. Nimewahi kumwona mwanamume akimchimbia mkewe kaburi peke yake, majirani wamekaa ukingoni mwa shamba wakimtazama.

Mama yangu alikuwa mmenyaji. Alikuwa na kisu kidogo, kimenolewa miaka mingi hadi kikabaki chembamba, mpini umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, na hakwenda msibani bila hicho. Wenzake wakiwa bado wanatafuta pa kukaa, yeye alikuwa na rundo mbele yake, ndizi nyeupe zisizo na hata alama ya ganda. Walimtania kwamba siku atakayokufa yeye waombolezaji watalala njaa. Naye alijibu kwamba hilo si shauri lake, atakuwa amelala.

Mimi naishi Buhembe, pembeni mwa mji wa Bukoba, nimepanga chumba na nashona nguo. Siku aliyonionyesha uvimbe nilikuwa nimekwenda kumsalimia tu. Tulikuwa jikoni. Alifungua vifungo vya gauni, akashika mkono wangu akauweka kwenye ziwa la kushoto, na nikagusa kitu kigumu kama kokwa ya parachichi. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mavuno ya kahawa yaliyopita. Nilimfokea vibaya. Nina hasira za karibu, na woga wangu wote hutoka kwa mlango huohuo. Alinisubiri nimalize, kisha akasema, "Haya, umemaliza. Sasa tufanye nini?"

Tulikwenda hospitali mjini Bukoba. Daktari alimtoa kipande cha nyama kikapelekwa kupimwa. Majibu yaliporudi alituita ndani, akafunga mlango, akasema ni saratani, ila bado imekaa mahali pamoja. Apelekwe Mwanza upesi, akafanyiwe upasuaji na kuanzishiwa dawa. Alilirudia hilo neno, upesi, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tunachelewesha.

Bima hatukuwa nayo. Tuliwahi kukata ile ya jamii, tukakaa na kadi mwaka mzima tukiambiwa dawa zimekwisha, tukanunue dukani. Mwaka uliofuata hatukuilipia, tukajiona wajanja. Basi tukaenda ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini kuomba msamaha wa gharama. Dada aliyetupokea alimuuliza mama kama ana kibanja. Mama akanyoosha mgongo, akasema anacho, cha migomba na kahawa. Ana mtoto mkubwa? Akanionyesha kwa kidevu. Dada yule akatueleza kwa upole kwamba wako watu wasio na chochote, na hata hao hawatoshelezwi. Tulipotoka nje nilimlaumu mama kwa nini hakukana. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Ndani ya kibanja hicho amezikwa baba, na babu, na ukoo wa baba usingekubali kiuzwe hata ukingo wake mmoja. Hakiliki, hakiuziki, lakini kinakutoa katika hesabu ya maskini.

Niliuza cherehani yangu nzuri, nikabaki na ile kuukuu. Haikutusogeza popote.

Ndipo Jumapili moja mama akaniomba nimsindikize kwenye mkutano wa chama, baada ya misa, uwanjani kwa kigango. Hakuniambia sababu. Yalipofika mengineyo alisimama, akajitanda kanga yake vizuri.

"Waitu," alisema, kama tunavyoanza tunapozungumza kwa heshima, "nimewachangia na kuwamenyea tangu nilipoolewa hapa. Leo naomba msiba wangu."

Mwenyekiti, mzee aliyesimamia ndoa yake, akauliza, "Unasemaje, mwanangu?"

"Jeneza langu, sanda yangu, mchele wangu, gari la kunirudisha nyumbani. Vyote mtakavyonipa nikifa, nipeni sasa nikatibiwe Mwanza. Siku nikifa kweli, nifungeni kwenye mkeka mnifukie nyuma ya nyumba. Wala msipike."

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine, kicheko cha watu walioogopa. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba, akamkemea kwa Kihaya aache kujiitia kifo. Lakini mwenyekiti hakucheka. Niliona anafikiri kwelikweli, anatazama chini, anasugua kidole gumba kwenye fimbo yake, na nikaanza kutumaini. Sijatumaini namna ile tena maishani mwangu.

Akasimama jirani yetu, yule anayekaa ubavuni mwa mama kila msiba wakimenya pamoja.

"Mwenzangu, unajua ninavyokupenda," alisema. "Lakini mume wangu yuko ndani, hainuki. Mwenzetu yule pale mjukuu wake ana selimundu. Nani hapa hana mgonjwa? Tukianza kuwapa wagonjwa, sanduku litakauka kabla ya Jumapili ijayo. Halafu wafu wetu tutawazika na nini?"

Nilizungusha macho nikitafuta mtu wa kumchukia, nikamkosa, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. "Umesema kweli," akamwambia, akakaa. Njiani aliniuliza mimi ningejibuje kama ningekuwa jirani. Nilisema ningewaambia wafu wasubiri. Akacheka mpaka akashika kifua.

Jioni mwenyekiti alikuja na mkungu wa ndizi begani. Aliutua mlangoni, akasalimia, akaondoka bila kuingia.

Ziwa lilipasuka wakati wa mvua. Alijaribu majani ya kusaga na mafuta ya kuombewa, na mimi nilinunua dawa za maumivu kila nilipopata kushona sare za shule. Kilichomuumiza kuliko kidonda ni harufu. Aliacha kwenda misibani kwa sababu ya harufu. Akisikia vilio ng'ambo ya migomba, alichukua kisu akakinoa, kisha akakirudisha juu ya kabati.

Mara ya mwisho nilimpeleka hospitali kwa bodaboda. Gari ambalo chama hukodi lilikuwepo, limeegeshwa kwa mwenyewe, lakini kazi yake ni maiti. Tulimweka mama katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemkumbatia, na kila shimo alinifinya mkono. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mgongoni kwake, njia nzima. Alikufa wodini, wiki haijaisha.

Nikapiga simu moja tu, kwa mwenyekiti. Gari lilifika kabla sijamaliza kukunja nguo zake. Lilikuwa limeoshwa, lina godoro, lina kitambaa cheupe. Chama kilimaliza deni lote la wodini bila kuuliza swali, maana maiti haachwi mjini. Mama alirudi Izimbya amelala chali amenyooka, akina mama wakimwimbia, dereva akikwepa kila shimo. Nyumbani turubai lilikuwa limesimama. Kulikuwa na mchele, nyama, sukari, na jeneza lenye vipini vya dhahabu ya kupaka. Nilitazama vile vitu vyote, nikaingia chumbani nikauma mto nisitukane watu wema.

Baada ya mazishi mwenyekiti aliniambia nafasi ya mama iko wazi, na kwa desturi hurithiwa na mtoto. Nilitaka kumfukuza. Halafu nikawaza nani atakayenichimbia mimi. Nikasema nitaingia.

Msiba uliofuata ulikuwa wa mume wa jirani. Nilitoka Buhembe asubuhi, nikakichukua kisu juu ya kabati, nikakaa pale alipokuwa akikaa mama. Jirani alinitazama mikono, akaanza kulia upya. Nilimenya mpaka mchana, na waombolezaji wote wakala wakashiba.