Pamba ya Kwenye Kopo

Nilitoa pamba kwenye kopo la dawa la kaka yangu, nikajiziba nayo puani, nikalala sebuleni kama maiti. Binamu yangu alipoingia alipiga yowe hadi majirani wakaja na majembe. Nilicheka mpaka pamba ikaruka. Sikuirudisha.

Nilikuwaga najua ni dawa za kifua. Kumbe ni za virusi vya UKIMWI, na pamba ile kaka aliiweka ili vidonge visilie ndani ya begi akiwa kambini Mugango, anakovua dagaa.

Bila pamba, mtumbwi ulipoyumba begi likalia. Wenzake wakadaka siri.

"Oya, leo tuna kayamba! Imba basi, mwanakwaya!"

"Na ugali wake ukatwe pembeni!"

Hao hao waliokuwa wanakula naye sahani moja! Mpaka leo natamani mtumbwi wao utoboke, waogelee kwa hiyo midomo. Kaka akaliacha kopo nyumbani Musoma, akawa anameza siku akirudi tu.

Alipokonda, mama akanieleza yote, tukampeleka kliniki Bunda, mbali na macho ya mtaa. Dada mmoja anayefanya utafiti wa kirusi hicho akamtoa damu, maabara wakaangalie kama dawa bado inakiweza.

"Kirusi kinajinakili haraka, na kinakosea kunakili," alituambia. "Dawa ikiwa haba mwilini, nakala yenye kosa linaloisaidia kuikwepa dawa ndiyo inabaki, inazaana."

Nilimwelewa upesi, maana darasani kila siku nanakili majibu ya jirani, tena vibaya. Ila mimi nikikosea nachapwa. Hicho kidudu kikikosea kinapewa mwili wa kaka yangu! Nikapiga teke benchi la kliniki. Benchi likashinda.

Majibu yalikuja kama tulivyoogopa: dawa ya zamani haikiwezi tena. Ipo nyingine, lakini asiruke hata siku moja, maana hii nayo ikizoeleka, mbele hakuna za kuchaguachagua.

Kaka akalitikisa kopo jipya. Likalia.

"Kambini siendi nalo hivi. Mama, nipe pamba."

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Pamba hakuna. Shule imefungwa, kesho unaenda naye Mugango. Kopo unabeba wewe. Likilia, sema ni lako. Wakicheka, cheka nao, si ndiyo kazi yako?"