Mabega ya Mama

Juzi nilipita jirani na josho, na harufu ya dawa ya kupe ikanirudisha nyumbani Shinyanga, alasiri ile askari wa mtemi walipomswaga ng'ombe wetu wa maziwa.

"Mayu, anakwenda wapi?" nilimuuliza mama.

"Kuoga joshoni," alijibu, amenipa mgongo, mabega yakimtetemeka.

Nikadhani anacheka. Nikasugua kibuyu cha maziwa, nikangoja kengele ya ng'ombe mpaka kuku wakalala. Kumbe mama alikuwa akilia. Ng'ombe alipelekwa mnadani kwa amri ya Mwingereza.

Kaka yangu hunikatiza kila nikisimulia. "Ulikuwa mdogo mno, wewe. Hayo nilikuhadithia mimi."

Mwongo mkubwa! Siku ile alikuwa machungani. Mabega ya mama angeyaonea wapi?