Leso ya Baba

Juzi mjini Nyeri nilimwona msichana mdogo mwenye leso mbichi kichwani, na shingo yangu ikahisi ubaridi wa zamani.

Nikiwa mdogo kama yeye, tulikuwa tumeteremka kutoka Nyeri hadi Wang'uru, baba, mama na mimi, kwenye bembea za kuzunguka. Kama watu wote wa kwetu kwenye baridi, tulivaa sweta za sufu, na jua la huko lilituchoma. Hewa ilinuka mpunga na grisi. Baba alinivua sweta, akalowesha leso yake kwenye mfereji, akanifunga kichwani.

"Panda tena, mami, upate upepo." Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

Nilipanda mara tano. Kila nilipozunguka niliwaona kwenye benchi: wakinong'onezana, kisha mama ameinama, kisha mama peke yake. Nilidhani baba ameenda kuniletea soda. Sasa najua alinipandisha ili nisiwasikie wakiachana.

Niliposhuka, mama alisema bila kuniangalia, "Vaa sweta, twende nyumbani."

Leso ilikuwa imekauka. Nikakimbilia mfereji kuilowesha tena, ili baba akirudi aikute na maji.