Ukuta wa Mwalimu Wacera

Mwaka wa 1971, Mwalimu Wacera alipewa kipindi cha mazoezi ya viungo katika shule moja ya msingi karibu na Ruring'u, kwa kuwa hakukuwa na mwalimu mwingine aliyekitaka. Mvua ilikuwa imegeuza uwanja kuwa matope. Akamwomba fundi Theuri apachike mawe kwa simiti kwenye ukuta wa stoo, watoto wapate pa kupanda. Chini wakamwaga maganda ya kahawa, magunia mengi, ili anayeanguka asiumie.

Watoto waliupenda ukuta ule kuliko mpira. Aliyewashinda wote ni Kagure wa darasa la nne, msichana ambaye darasani hakufungua mdomo. Akifika juu, alicheka hadi mwalimu mkuu akachungulia dirishani.

Ijumaa moja Wacera aliona jiwe mojawapo la juu likicheza. Akajiambia atamwita Theuri Jumatatu. Jumatatu ilinyesha kutwa, akasahau. Jumanne jiwe likachomoka. Kagure aliangukia mkono, pembeni kabisa, pale mvua iliposomba maganda.

Kesho yake Ndungu, baba ya Kagure, alikuja shuleni.

"Mwalimu, ulijua hiyo jiwe ni mbaya?"

Mwalimu mkuu alikuwa amemwonya Wacera asikiri kosa lolote.

"Nilijua," Wacera akasema.

Ndungu alivaa kofia yake, akaenda zake. Wacera angependa zaidi kama angetukanwa.

Mawe yalivunjwa kwa nyundo wiki hiyo hiyo. Mkono wa Kagure uliunga vibaya, haukunyooka tena. Kila Jumamosi Wacera alikuwa akipanda kilima kwenda kumwona, na mayai kwenye kiondo. Jumamosi ya tano mama ya mtoto, Warigia, alimngojea langoni.

"Mwalimu, wacha kukuja. Hatuna chuki na wewe. Lakini ukishaenda, huyu mtoto anashinda akiniuliza ati atapanda tena lini. Niko na jibu gani mimi?"

Wacera alimpa mayai, akateremka.

Mwaka uliofuata aliomba uhamisho, akapelekwa Timau, akafundisha hesabu huko hadi akastaafu. Siku alizolazimika kushika kipindi cha viungo, aliwaambia watoto wazunguke uwanja kwa miguu, polepole, wameshikana mikono. Walilalamika kwamba inachosha. Yeye alisimama katikati, akiwahesabu kila mzunguko.