Mlinzi wa Doha anayeeleza saratani kwa donge la unga

Saa tatu asubuhi, siku ya Ijumaa. Katika jiko la pamoja la hosteli moja ya wanawake mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, Jerusha Nyaboke anaugawa unga uliokandwa kuwa madonge kumi na mawili. Katika matatu kati ya hayo anaficha punje moja moja ya njegere kavu.

"Haya, kila mtu achukue lake," anasema. "Bonyeza polepole kwa vidole vitatu, zunguka lote. Msiharakishe, hizi si chapati bado."

Wanawake wanabonyeza. Wengi wao ni wafanyakazi wa hoteli, na leo ndiyo siku yao ya mapumziko. Scovia, Mganda anayetandika vitanda kwenye hoteli moja ya ufukweni, ndiye wa kwanza kupiga kelele.

"Ninalo! Ninalo jiwe!"

"Linauma?" Jerusha anamuuliza.

"Unga unauma wapi, afande?"

Jiko zima linacheka. Jerusha anasubiri kicheko kiishe.

"Ndiyo hivyo. Uvimbe wa saratani ya matiti mara nyingi hauumi mwanzoni. Usingoje maumivu ndipo uende kliniki. Na tena usiogope bure, uvimbe mwingi si saratani. Lakini anayejua ni daktari. Si mimi, na si huyo anayelala kitanda cha juu yako."

Mbele ya chuma cha chapati amesimama Amina Shemdoe, mwenyeji wa Lushoto, Tanzania, fundi wa kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Jumapili anakwenda kuchukua majibu ya vipimo vyake vya kwanza tangu amalize matibabu ya saratani. Yakiwa mazuri, atarudi kazini. Yakiwa mabaya, ataanza upya. Kila mtu hapa jikoni anajua, na hakuna anayemuuliza.

Jerusha, mwenye miaka 38, si muuguzi. Ni mlinzi wa lango la hosteli hii. Hufanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mshahara wa riyali 1,600 kwa mwezi. Sehemu kubwa huenda Nyamira, Kenya, kwa wanawe wawili walio shuleni.

"Mambo ya afya nilisoma shule ya msingi tu, yale ya kunawa mikono," anasema. "Haya mengine nimejifunza mwenyewe."

Ana daftari la jalada la bluu. Kila anachokisoma hukiandika kwa Kiswahili chake, kisha humpelekea Pamela, muuguzi Mkenya anayesali naye kanisa moja. Pamela hukata kwa kalamu nyekundu. Sentensi isiyopita kwa Pamela haifiki jikoni.

Kazi hii ilianzishwa na birika la umeme.

Mwaka jana, asubuhi moja, mkazi wa ghorofa ya tatu alifika langoni akiwa amelibeba. Sheria ya lango ni kwamba kitu chochote kinachotoka lazima kiwe na kibali. Jerusha akamsimamisha.

"Hili la nani?"

"La Amina. Amenipa."

"Amekupa au umelichukua?"

"Amenipa, afande! Na blanketi amempa mwenzangu. Nenda ukamuulize."

Jerusha alikuwa ameona wengi wakiondoka. Mtu anayekwenda likizo hufunga vitu vyake kabatini. Anayegawa birika na blanketi harudi tena. Lakini mkataba wa Amina ulikuwa bado na karibu miaka miwili. Zamu ilipokwisha, akapanda juu.

Alimkuta Amina amekaa kitandani, sanduku limefungwa.

"Nilimwambia naenda nyumbani kufa," Amina anakumbuka, na sasa anaweza kutabasamu anapolisema. "Nilisema hivyo hivyo, kama mtu anayeaga kwenda sokoni."

Siku mbili kabla, Amina alikuwa amepewa majibu katika kliniki moja. Mhudumu alimwona amevaa hijabu, akasikia jina lake, akaamini anajua Kiarabu. Alimweleza kila kitu kwa upole, kwa muda mrefu, kwa lugha hiyo.

"Mie Kiarabu changu ni cha kusali na kusoma msahafu," anasema Amina. "Sasa ningesemaje kwamba sielewi, na nimejifunika namna hii? Niliona haya. Nikawa naitikia tu, naam, naam. Neno moja tu nililolijua lilikuwa saratani, maana na wao wanaliita hivyo hivyo. Mengine yote yalinipita."

Katika hayo yaliyompita kulikuwa na habari kwamba uvimbe wake ulikuwa mdogo, haujasambaa, na unatibika.

Jerusha hamlaumu mhudumu, wala hamlaumu Amina. "Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake," anasema. "Heshima ikawaponza wote wawili."

Wiki iliyofuata alibadilishana zamu na kumsindikiza Amina kliniki. Daktari alizungumza Kiingereza, Jerusha akatafsiri. Kila baada ya sentensi mbili alimgeukia Amina na kumwambia: "Rudia nilichosema."

Ni desturi ya kazini kwake. "Kwenye redio, ukipewa ujumbe husemi 'sawa' halafu ukanyamaza. Unaurudia wote. Ukisema 'sawa' tu, msimamizi anajua hujasikia kitu."

Amina alirudia: ni kadogo, kako mahali pamoja, kanatolewa, halafu dawa. Alipofika kwenye dawa akaanza kulia. Daktari akashtuka, akauliza kama ameudhika.

"Nikamwambia hapana, daktari," anasema Jerusha. "Ndiyo kwanza amesikia."

Lakini siku ile ile Jerusha naye alikosea. Njiani kurudi alimwambia Amina, "Utapona kabisa, usijali." Jioni alimsimulia Pamela kwa fahari, na Pamela akamkatiza.

"Daktari alisema hivyo?"

"Alisema inatibika."

"Basi sema inatibika. Wewe si daktari, na si nabii. Usiongeze, usipunguze."

Kesho yake Jerusha alimrudia Amina na kusahihisha. Anasema ndiyo sentensi ngumu kuliko zote alizowahi kutafsiri.

Amina alipofanyiwa upasuaji, wakazi wengine walianza kuuliza maswali langoni kwa kunong'ona. Jerusha akaona ni heri wakutane. Kikao cha kwanza alikipanga kama mlinzi: meza mlangoni, kalamu, na daftari la kuandika jina, namba ya kitambulisho na saa ya kuingia.

Walikuja tisa. Wa kwanza aliliona daftari, akasema amesahau simu juu. Wa pili akakumbuka ameacha maji jikoni. Baada ya dakika kumi Jerusha alibaki na viti vyake.

"Nilikuja kumwambia ukweli," anasema Scovia. "Nilimwambia, wewe mama, unaandika namba za watu halafu unataja ugonjwa? Sisi sote tulipimwa tulipoingia nchi hii, na tunajua kuna magonjwa ukikutwa nayo unapandishwa ndege. Walidhani orodha inakwenda kampuni."

"Na mimi nilikuwa nataka kujua tu nipike chai ya watu wangapi," anasema Jerusha.

Daftari la mlangoni halikuonekana tena. Sasa hakuna jina linaloandikwa, na kikao hufanyika watu wakipika, kwa sababu mtu aliyeshika kazi mkononi huuliza swali bila kuangaliwa usoni. Kwa mwaka mmoja, kwa hesabu ya Jerusha, wakazi kumi na wanne wamekwenda kliniki kuonyesha uvimbe. Kumi na watatu hawakuwa na saratani. Mmoja bado anasubiri majibu.

Jumapili, saa nne asubuhi, Amina yuko kwenye dirisha la mapokezi la hospitali. Anamwambia mhudumu, bila kupepesa macho, kwamba anaomba mkalimani wa Kiswahili. Anapewa, kwa njia ya simu. Kisha anamgeukia Jerusha.

"Da Jerusha, leo kaa nje."

Jerusha anakaa kwenye benchi. Anafunga na kufungua kifungo cha mkoba wake. Anamtumia Pamela ujumbe kwamba hakuna habari. Baada ya dakika tano anatuma mwingine, uleule.

Mlango unafunguliwa baada ya dakika ishirini na mbili. Amina anasimama mbele yake na kusema kabla hajaulizwa, akihesabu kidole kwa kidole: "Vipimo havijaonyesha ugonjwa. Nitarudi kila baada ya miezi mitatu. Naruhusiwa kazini, ila nisinyanyue mizigo mizito mwezi huu. Na kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano."

"Miaka mitano?"

"Mitano, dada! Mtu wa kufa kesho hapewi dawa ya miaka mitano."

Wanacheka hadi mlinzi wa hospitali anawatazama, na Jerusha anamwomba radhi kwa ishara ya mkono, kama mwenzake wa kazi.

Mkataba wa Jerusha unamalizika Juni, na hana nia ya kuuongeza. Anataka kabla ya hapo kila hosteli inayotumia mabasi ya kampuni inayosimamia hosteli yao iwe na mwanamke mmoja wa kuongoza kikao cha unga. Ya kwanza ni ya Al Wukair, kusini mwa Doha, yenye Watanzania wengi. Waliomba aende yeye. Amewajibu kwamba anamtuma Amina.

"Mimi wananisikiliza kwa sababu ya sare," anasema. "Yeye watamuuliza kama nywele zinaota tena, kama alimwambia mama yake, kama iliuma. Hayo mimi siyajui. Nikiwepo, watajibana."

Basi la Al Wukair litaondoka Ijumaa saa mbili asubuhi. Jerusha ameomba apangiwe zamu ya lango siku hiyo, asije akashawishika kupanda.