Kadi ya Jin-muk na Namba ya Foleni

Seok Jin-muk ni fundi wa lifti hapa Bucheon, na anaishi ghorofa ya juu yangu. Kwa miaka miwili mfululizo alikosa tiketi za treni za sikukuu ya mavuno. Alikwenda kwao Jinju kwa gari, akakaa barabarani muda wa saa kumi na moja, na akafika vyombo vya ibada ya marehemu baba yake vikiwa vimeshaoshwa. Kwa mtoto wa kwanza wa kiume, anayepaswa kuiongoza ibada hiyo, hiyo si aibu ndogo.

Tiketi hizo hufunguliwa mtandaoni saa moja kamili asubuhi, siku moja tu. Kila anayebonyeza hupewa namba ya foleni. Anayebonyeza kabla ya saa moja hutupwa nje, na akirudi huwa wa mwisho. Mfanyakazi mwenzake alimpa programu inayobonyeza yenyewe. Jin-muk aliikataa, akasema foleni ni foleni. Nilimheshimu kwa hilo na bado namheshimu.

Lawama aliitupia kompyuta yake ya mezani, iliyokuwa ikipokea intaneti bila waya kwa kijiti cha bei rahisi kilichochomekwa nyuma. Kijiti kilichelewa, naye akazoea kubonyeza sekunde mbili kabla ya wakati ili kufidia. Mwaka huu aliamua kununua kitu cha kasi. Nilimsindikiza hadi Yongsan, kwenye duka la vifaa vya kompyuta la mama mmoja aitwaye Pyo.

"Nataka ile kadi yenye antena nne," Jin-muk alisema.

"Kompyuta iko mbali gani na kisanduku cha intaneti?"

"Hatua nne."

"Hatua nne, bosi, halafu unataka kubebwa na hewa? Chukua kadi ya waya. Antena nne muuzie jirani yako."

Jin-muk alinitazama. Sikununua.

Jin-muk alifika nyumbani na kadi yake ya waya, akafungua kompyuta, akaipachika, akavuta waya pembezoni mwa ukuta. Alipopima, kasi ilikuwa mara kumi na mbili ya ile ya zamani. Aliniita nipande kuiona. Niliiona. Ilikuwa namba kwenye kioo.

Mkewe, Ban Yeon-ok, alikuwa akimenya vitunguu.

"Na mimi nijaribu kwa simu?" aliuliza.

"Simu ile, Mama Su-rin? Hata mvuke wa wali unaipita."

"Nikipata je?"

"Ukipata wewe kabla yangu, ibada ya asubuhi tutafanya kwenu Mokpo."

Alicheka. Mkewe hakucheka. Kwa miaka ishirini na mbili ya ndoa, ukiacha hiyo miwili ya barabarani, asubuhi ya sikukuu alikuwa Jinju akikaanga samaki wa mababu wasio wake. Kwao alikwenda siku ya pili, makombo yakiwa yamepoa. Alinigeukia, kisu mkononi.

"Mwalimu, umesikia."

"Nimesikia," nikasema.

Asubuhi ya tiketi Jin-muk alioga, akavaa shati safi, akakaa mbele ya kompyuta. Ilipobaki sekunde mbili, kidole chake kikabonyeza kama kilivyozoea. Kadi mpya haikuchelewa hata kidogo. Ombi lake lilifika kabla ya saa moja, likatupwa nje. Aliporudi alipewa namba elfu hamsini na moja, mia tatu na sita.

Jikoni, Yeon-ok alimaliza kusuuza mchele, akafuta mikono, na saa moja ilipotimia akabonyeza simu.

"Baba Su-rin," alisema. "Elfu mbili na arobaini."

"Elfu mbili mia ngapi?"

"Na arobaini. Nabonyeza wapi, Jinju au Mokpo?"

Mwanamume mwingine angeweza kusema alikuwa akitania. Wengi husema hivyo, na ndivyo neno linavyogeuka takataka nyumbani mwao.

"Mokpo," akasema Jin-muk.

Kisha akampigia simu mama yake, na jioni akanisimulia. Alimweleza mama yake yote: kijiti, kadi, sekunde mbili, ahadi. Mama mtu, mwenye miaka themanini na mitatu, alisikiliza hadi mwisho.

"Ibada ataifanya mdogo wako," alisema. "Ataikosea, lakini baba yako hakuwa mtu wa kuchagua."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi tangu niolewe sijaiona asubuhi ya sikukuu kwetu. Hakuna aliyewahi kuniahidi hata kwa utani. Nenda. Na huko ukakaange samaki wewe."

Walikwenda. Walifika mapema, safari nzima wakiwa wamekaa kwenye viti vya treni. Yeon-ok anasema samaki waliungua upande mmoja, wakawekwa mezani kwa mababu upande mzuri ukiwa juu.

Kadi imo bado ndani ya kompyuta, na haina kosa lolote. Jin-muk anajifunza kubonyeza saa moja kamili.